Kuahirisha Upasuaji: Tiba ya Homoni kwa Saratani Changa ya Mfuko wa Uzazi

Wanawake vijana wanaogundulika kuwa na saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi mara nyingi hawakufika hospitali kwa hofu ya saratani. Wengi walifika kwa sababu hedhi zao zimevurugika kwa miaka, au damu inatoka kwa wingi na bila mpangilio, au wamehangaika muda mrefu kutafuta mimba bila kuipata. Daktari anaagiza kinyama kidogo kichukuliwe kutoka ndani ya mfuko wa uzazi akitarajia kukuta tatizo la homoni, na baada ya siku kadhaa jibu la maabara linarudi na neno ambalo hakuna aliyelitarajia. Hapo ndipo penye fundo, kwa sababu tiba iliyozoeleka ya saratani hiyo ni kutoa kizazi pamoja na mirija na ovari, yaani kuondoa kile kile ambacho mwanamke huyo alikuja kukitafutia msaada.

Upasuaji huo haukuzoeleka bure. Saratani ikikutwa bado imo ndani ya mfuko wa uzazi na kizazi kikatolewa, zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baadaye, na wengi wao hawahitaji tiba nyingine yoyote. Isitoshe, huu kwa kawaida ni ugonjwa wa wanawake waliokwisha kukoma hedhi; walio chini ya miaka 40 ni takribani 5 tu kati ya kila wagonjwa 100. Kwa mwanamke wa miaka 62 mwenye wajukuu, uamuzi wa kutoa kizazi ni mwepesi kiasi. Kwa mwenye miaka 31 ambaye hajazaa, uamuzi huo huo unafunga mlango moja kwa moja. Kwa ajili yake ipo njia nyingine, ya vidonge au kitanzi chenye homoni, ambayo kwa masharti fulani inaweza kuiondoa saratani huku mfuko wa uzazi ukibaki mahali pake. Lakini njia hiyo hueleweka vibaya pale inapoelezwa kana kwamba ni mbadala wa upasuaji. Ni njia ya kuuahirisha upasuaji, kuazima muda wa kutosha kubeba mimba, na masharti yake yote makali yanatokana na ukweli huo mmoja.

Ili kuona inawezekanaje vidonge vya homoni vikaifuta saratani, ni lazima kuanza na mwezi wa kawaida wa mwanamke. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, ovari hutoa estrojeni, na kazi ya estrojeni kwenye ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ni kukuza: seli zinagawanyika, tezi zinarefuka, ukuta unanenepa. Yai likishatoka, kifuko kilichokuwa kimelibeba hugeuka kuwa kiwanda kidogo cha projesteroni, na projesteroni ndiyo inayosimamisha ukuaji huo na kuzifanya seli ziache kugawanyika, zikomae, zijiandae kupokea mimba. Mimba isipotunga, projesteroni inashuka, ukuta unabomoka na kutoka kama hedhi, kisha ukurasa mpya unaanza.

Sasa tumchukue mwanamke ambaye yai lake halitoki. Kifuko hakipasuki, kiwanda cha projesteroni hakijengwi, na estrojeni inaendelea kufanya kazi peke yake mwezi baada ya mwezi, kama shamba linalotiwa mbolea kila siku bila kupaliliwa wala kuvunwa. Hali hiyo ni ya kawaida kwa wenye ovari zenye vifuko vingi vidogo, na hukolezwa na unene uliozidi, kwa kuwa mafuta ya mwili si ghala tu: yana kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo, kuwa estrojeni. Ukuta wa ndani unanenepa kupita kiasi, tezi zinasongamana, baadhi ya seli zinaanza kubadilika sura, na kutoka hatua hiyo inayotangulia saratani, ambayo madaktari huiita haipaplasia, baadhi huvuka kuwa saratani kamili. Kwa hiyo si ajali kwamba mwanamke yule yule anahangaika kutafuta mimba na anakutwa na saratani. Ugumba na uvimbe vimetoka kwenye mzizi mmoja, nao ni kukosekana kwa projesteroni. Jambo hili litarudi mbele, kwa sababu dawa inaweza kukata shina na kuuacha mzizi ule ule ardhini.

Wazo la kurudisha kile kilichokosekana si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walikwisha kuona kwamba projesteroni za kutengenezwa, ambazo kwa jumla huitwa projestini, zinaweza kuirudisha haipaplasia katika hali ya kawaida, na mwaka 1961 watafiti Kelley na Baker walichapisha taarifa ya wanawake ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kusambaa mwilini, na baadhi yao uvimbe ulisinyaa baada ya kupewa homoni hizo. Kama dawa ingeweza kufanya hivyo kwa ugonjwa uliokwisha kuenea, swali likawa ni nini kingetokea kwa ugonjwa mchanga ambao bado haujatoka kwenye ukuta wa ndani.

Kinachotokea kinaonekana vizuri chini ya hadubini, na inafaa kukitazama kwa karibu. Kinyama cha mwanzo kinaonyesha tezi zilizobanana mgongo kwa mgongo, pasipo nafasi ya tishu baina yake. Kuta za tezi zimejikunja na kugawanyika, na seli zina viini vikubwa vyenye kukolea rangi, vingine vikiwa katikati ya kugawanyika. Baada ya miezi mitatu ya dawa, kinyama kutoka mahali pale pale huwa na sura nyingine kabisa iwapo dawa imekubali. Tezi zimepungua, zimekonda, zimetulia kwenye mstari mmoja wa seli fupi. Nafasi baina yake imejaa seli pana, nyeupe, zilizovimba kama za mwanamke mwenye mimba changa. Kwa kweli ndivyo mwili ulivyodanganywa: umeaminishwa kwamba mimba imetunga, kwa hiyo ukuaji umesimama. Projestini huingia ndani ya seli, hujishika kwenye vipokezi vyake, hupunguza vipokezi vya estrojeni, huchochea kimeng'enya kinachoidhoofisha estrojeni yenyewe, na kuzielekeza seli zilizoharibika zikomae au zife. Seli isiyokuwa na vipokezi vya projesteroni haisikii wito huo, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza kwa nini tiba hii haimfai kila mmoja.

Anayefaa ni nani basi? Sharti la kwanza linahusu sura ya saratani. Inatakiwa iwe ya aina inayofanana na tezi za kawaida za ukuta wa ndani, na iwe ya daraja la kwanza, maana yake sehemu kubwa ya uvimbe bado inajua kujenga tezi na si zaidi ya asilimia 5 iliyogeuka kuwa bonge tupu la seli. Tofauti baina ya daraja la kwanza na la pili, au baina ya saratani na haipaplasia, hutegemea jicho la daktari wa patholojia, yaani anayesoma vinyama chini ya hadubini, na macho mawili ya wataalamu huweza kutofautiana juu ya kioo kimoja kilichobandikwa kinyama. Kwa hiyo ni desturi nzuri, na kwa maoni yangu ingepaswa kuwa lazima, vioo vya mgonjwa visomwe upya na mtaalamu wa pili aliyezoea magonjwa ya kizazi kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa. Mgonjwa anayeomba usomaji wa pili hamdharau daktari wake.

Sharti la pili ni kwamba saratani iwe haijazama kwenye msuli wa mfuko wa uzazi. Hapa ndipo penye udhaifu ambao hauwezi kuondolewa kabisa. Anayefanyiwa upasuaji hupimwa kina cha saratani kwa kukikata kizazi chenyewe na kukitazama. Anayebaki na kizazi chake hupimwa kwa picha tu. Picha inayoaminika zaidi ni ya MRI, yaani ya mashine yenye sumaku kubwa, na altrasaundi ya kupitia ukeni ikifanywa na mtaalamu mzoefu nayo husaidia, lakini hata picha nzuri huweza kukosa kisehemu kidogo cha saratani kilichopenya ndani ya msuli. Picha hizo hizo hutumika kuchungulia ovari na tezi za limfu. Ovari zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa baadhi ya wanawake vijana wenye saratani hii huwa na uvimbe mwingine wa saratani kwenye ovari wakati huo huo, tena mara nyingi zaidi kuliko wanawake wazee. Mwanamke anayechagua tiba ya homoni anachagua pia kuishi na mabaki hayo ya shaka, na ni haki yake kuambiwa hivyo waziwazi kabla hajakubali.

Masharti yaliyobaki yanamhusu mgonjwa mwenyewe. Aliyewahi kupata damu iliyoganda kwenye mishipa, kiharusi, ugonjwa mkali wa ini au saratani ya titi hawezi kupewa projestini za dozi kubwa bila hatari. Nia ya kuzaa nayo lazima iwe ya kweli na inayotekelezeka: mwanamke wa miaka 44 ambaye hazina yake ya mayai imekwisha angeahirisha upasuaji kwa faida isiyokuwepo, na ndiyo maana mtaalamu wa uzazi anatakiwa kuwapo mwanzoni mwa mazungumzo, si mwishoni.

Dawa zinazotumika sana ni mbili za vidonge na kifaa kimoja. Medroksiprojesteroni hutolewa kwa miligramu 400 hadi 600 kwa siku, na megestroli kwa miligramu 160 hadi 320. Kifaa ni kitanzi kinachotoa homoni ya levonogestreli kidogo kidogo, takribani mikrogramu 20 kwa siku, moja kwa moja kwenye ukuta unaohusika. Wengine hushangaa kwamba kitanzi, ambacho kazi yake inayojulikana ni kuzuia mimba, ndicho kinachotumiwa kuokoa uwezo wa kuzaa. Lakini mantiki ni ile ile ya kuutuliza ukuta kwanza. Faida ya kitanzi ni kwamba homoni nyingi hubaki pale pale kwenye mfuko wa uzazi, ilhali homoni ya vidonge huzunguka mwili mzima na kuleta hamu kubwa ya kula, kuongezeka uzito, maumivu ya kichwa, kubadilika kwa hisia na, kwa wachache, damu kuganda. Kuongezeka uzito si kero ya urembo hapa. Ni mbolea ileile inayorudi shambani.

Kabla ya dawa kuanza, vituo vingi siku hizi huingiza kamera nyembamba kupitia mlango wa kizazi na kukwangua uvimbe unaoonekana. Mwongozo uliotolewa mwaka 2023 na vyama vya Ulaya vya saratani za wanawake, uzazi na upasuaji wa kamera unaitaja njia hii ya pamoja, kukwangua kisha projestini, kuwa ndiyo yenye matokeo bora zaidi, kwa saratani kuondoka na kwa watoto kuzaliwa. Kamera ina faida nyingine: daktari huona anachokata. Kusafisha kizazi bila kuona, kama ilivyozoeleka zamani, huweza kupita kando ya kidonda kidogo na kuleta jibu zuri la uongo.

Baada ya hapo kazi ni kusubiri na kuchungulia. Kinyama huchukuliwa tena baada ya miezi 3 na baada ya miezi 6. Kama saratani imeondoka, jibu hilo huhitaji kuthibitishwa na kinyama kingine. Kama imepungua bila kuisha, dawa inaweza kuendelea. Kama haijabadilika kabisa kufikia mwezi wa 6, timu ya madaktari hukaa na mgonjwa kujadili upya, na mwongozo huo wa Ulaya unasema kusubiri jibu kamili kusizidi miezi 15. Ugonjwa ukionekana kuzama au kubadilika daraja, kuahirisha kumekwisha.

Ni wangapi hufanikiwa? Tafiti nyingi ni ndogo, na majibu yake hutofautiana. Nchini Japani, utafiti wa vituo vingi uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa wanawake 45 wenye umri wa chini ya miaka 40 miligramu 600 za medroksiprojesteroni kwa wiki 26, pamoja na dozi ndogo ya aspirini kuzuia damu isigande. Saratani iliondoka kabisa kwa asilimia 55 ya waliokuwa nayo, na haipaplasia kwa asilimia 82. Jaribio la Australia na New Zealand lililochapishwa mwaka 2021, lililotumia kitanzi kwa wanawake wenye unene, lilipata takribani asilimia 43 kwa saratani na 82 kwa haipaplasia baada ya miezi 6. Kuongezewa metfomini, dawa ya kisukari iliyotarajiwa sana, hakukuonyesha faida ya wazi ndani ya muda huo. Uchambuzi uliokusanya tafiti 34 mwaka 2012 ulikuta saratani ikirudi nyuma kwa asilimia 76 ya wanawake 408, takwimu ya kutia moyo zaidi, ingawa nami ningeisoma kwa tahadhari: madaktari huandika habari za wagonjwa waliopona kwa wepesi kuliko za wasiopona.

Takwimu ya pili ya uchambuzi huo ndiyo inayostahili kusemwa kwa sauti ile ile: kati ya waliopona, saratani ilirudi kwa asilimia 41 hivi. Katika utafiti wa Japani pia, karibu nusu ya waliopona waliugua tena, wa mapema kabisa akiwa mwezi wa 7 na wengine ndani ya miaka mitatu. Hapa ndipo ule mzizi unaporudi. Dawa ilitibu tezi zilizokuwepo, lakini ilipoachwa, yai likaendelea kutotoka, mafuta yakaendelea kutengeneza estrojeni, na ukuta ukaanza safari ile ile upya. Ndiyo sababu kupunguza uzito, kutibu kisukari na kurekebisha mzunguko wa hedhi ni sehemu ya tiba yenyewe, si nasaha za pembeni. Waliougua tena wanaweza kupewa homoni mara ya pili na baadhi hupona, lakini kila mzunguko huongeza muda ambao saratani inaachwa karibu na msuli. Katika uchambuzi ule wa mwaka 2012, wanawake 20 baadaye walikutwa na saratani ya ovari, 10 ugonjwa ulivuka hatua ya kwanza, na 2 walifariki. Ni wachache. Hata hivyo ni wanawake ambao upasuaji wa mapema huenda ungewapa mwisho tofauti, na daktari anayetaja waliozaa bila kuwataja hao ametoa nusu ya maelezo.

Na mimba yenyewe? Katika uchambuzi huo huo, asilimia 28 ya waliokuwa na saratani walijifungua mtoto aliye hai. Idadi hiyo huwashangaza wengi kwa udogo wake, lakini tukumbuke kwamba wengi wa wanawake hawa walikuwa na shida ya kushika mimba hata kabla ya saratani. Kwa hiyo ushauri wa leo ni kutokupoteza muda: mara tu vinyama vinapoonyesha usafi, mwanamke aliye tayari hupelekwa kwa mtaalamu wa uzazi, na mara nyingi hupendekezewa yai lirutubishwe nje ya mwili badala ya kungoja miezi kadhaa ya kujaribu. Ovari zikichochewa kutoa mayai mengi, estrojeni hupanda, na madaktari wengi huongeza letrozoli, dawa inayokizuia kile kimeng'enya cha mafuta, ili homoni hiyo isipande sana. Mimba ikishatunga, mwili huzalisha projesteroni kwa wingi kwa miezi tisa, kinga ambayo hakuna kidonge kinachoifikia. Na kweli waliozaa huonekana kurudiwa na saratani kwa uchache kuliko wasiozaa. Asiyekuwa tayari kubeba mimba mara moja, kwa sababu ya masomo au kwa sababu mwenzi hajapatikana, hawekwi bila ulinzi: huachiwa kitanzi au dozi ndogo ya projestini huku akiendelea kuchukuliwa kinyama kila miezi 3 hadi 6.

Miaka ya karibuni imeongeza swali jingine kabla ya kuanza. Tangu mwaka 2013 inajulikana kwamba saratani hii, ambayo chini ya hadubini huonekana moja, kijeni ni makundi manne yenye tabia tofauti, na mfumo wa kupanga hatua za ugonjwa uliotolewa mwaka 2023 na shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, umeyaingiza makundi hayo. Uvimbe wenye jeni ya p53 iliyoharibika hauna subira, na mwenye uvimbe huo haahirishiwi upasuaji hata kama daraja linaonekana la chini. Kundi lililopoteza protini za kusahihisha makosa ya jeni huitikia projestini kwa udhaifu zaidi, tena linaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kurithi unaoitwa Lynch, ambao kwa baadhi ya wenye nao huleta hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi inayokaribia nusu katika maisha yao, pamoja na saratani ya utumbo mpana. Kwa mwanamke kama huyo, kinyama kimoja cha mfuko wa uzazi kinaweza kuwa sababu ya utumbo wake kuchunguzwa, na dada zake nao kuitwa kupimwa.

Mtoto akishazaliwa, au mwanamke akishaamua kwamba hatazaa tena, mazungumzo ya upasuaji yanarudi mezani, na mwongozo wa madaktari hapo hauna utata: kizazi kitolewe. Huu ndio wakati mgumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu aliye mbele ya daktari sasa anajiona mzima, vinyama vyake ni safi, ana mtoto mchanga mikononi, na anaambiwa afanyiwe operesheni kubwa kwa ugonjwa ambao hauonekani. Ahadi hiyo inapaswa kuwa imezungumzwa tangu siku ya kwanza, kabla ya kidonge cha kwanza. Kinachobaki kujadiliwa siku hiyo ni ovari. Kwa mwenye umri mdogo, asiye na ugonjwa wa kurithi na ambaye ovari zake zinaonekana safi, zinaweza kuachwa, ili asiingie katika ukomo wa hedhi akiwa na miaka 35, na mifupa na moyo wake viendelee kulindwa na homoni zake mwenyewe. Mirija hutolewa pamoja na kizazi.